Bamvua Tatu Bila Kwenda Mwambani

Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, bahari ya Mafia hujivuta mbali na ufukwe. Ndiyo bamvua. Mwamba uliokuwa umelala chini ya maji hubaki wazi kwa saa chache, na wanawake wa Jibondo, Juani na Chole huteremka wamejifunga kibwebwe, nondo au kijiti mkononi, macho kwenye mashimo anamojificha pweza. Siku zikipita maji huwa mafu, mwamba hauonekani tena vizuri, na kila mtu hurudi kwenye ukili wake, mwani wake au shamba lake, akihesabu siku. Kati ya bamvua na bamvua ni wiki mbili. Kwa mwanamke anayelea watoto kwa pweza, hiyo ndiyo tarehe ya mshahara, na hana nyingine.

Mfikirie mmoja wao aliyetolewa kizazi. Anatoka wodini, na daktari amemwambia apumzike wiki sita, ikibidi nane. Kwa mtu wa ofisini huo ni mwezi na nusu. Kwake yeye ni bamvua tatu: mara tatu shoga zake watapita mbele ya mlango wakishuka pwani, mara tatu watarudi na pweza, naye yuko barazani mkono umeshika tumbo. Bamvua ya kwanza ataivumilia, maana maumivu yenyewe hayampi nafasi ya kutamani. Mtihani ni ya pili. Mshono umekauka, anatembea, anacheka, watu wanamwambia amenawiri. Ndani bado hajapona, lakini hakuna anayeona ndani, hata yeye mwenyewe.

Makala haya yanahusu hiyo bamvua ya pili na ile ya tatu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu linasemwa kwa kunong'ona. Kiswahili kimeupa mfuko wa uzazi jina lile lile tunalowaitia watu wanaofuatana duniani, kizazi hiki na kizazi kijacho. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba fulani katolewa kizazi, moyoni anasikia kama kwamba fulani kakatwa kwenye ukoo. Mwanamke mwenye watoto sita na wajukuu watatu huambiwa "pole" kwa sauti ya msibani. Asiye na mtoto hata haambiwi. Watu huinamisha macho. Katika hali hiyo ni vigumu kwake kusimama mbele ya mume, wifi na mama mkwe akasema waziwazi: nina kidonda, naomba mniachie kazi hizi kwa wiki sita.

Sababu za kutolewa kizazi ni nyingi, na nyingi kati yake ni za kuokoa maisha au kuyarudisha. Iliyo ya kawaida zaidi ni uvimbe, ule ambao madaktari huuita fibroidi. Si saratani, lakini unaweza kumfanya mtu atokwe damu siku kumi za kila mwezi, alowe kanga mbili kabla ya adhuhuri, abaki mweupe viganja, akipanda ngazi ahisi moyo unataka kutoka. Wanawake weusi hupata uvimbe huu mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake weupe, na huupata wakiwa na umri mdogo zaidi. Wengine kizazi kimeshuka baada ya uzazi mwingi na miaka ya kubeba mizigo. Wengine ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ya kuwakinga wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, lakini mama zao walishaipita zamu yao.

Halafu kuna usiku ambao haupangwi: mama anajifungua, kizazi kinapasuka au damu inakataa kukatika, na njia iliyobaki ni kukitoa. Katika hospitali nyingi za wilaya hapa nchini upasuaji wa usiku kama huo umekuwa mikononi mwa madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha mwaka 1963. Wako wanawake wanaotembea leo kwa sababu ya mikono hiyo. Lakini mama huyo huzinduka asubuhi akakuta uamuzi umeshafanyika, na mara nyingi aliyetia saini ni ndugu yake.

Sasa kidonda chenyewe. Anayetazama tumbo huona mshono mmoja, ama wa kulala juu kidogo ya kinena, ama wa kusimama kutoka chini ya kitovu. Chini yake kuna vidonda vingine. Kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, nao umekatwa na kushonwa. Na ndani kabisa, pale mlango wa kizazi ulipokuwa, sehemu ya juu ya uke imefungwa kwa nyuzi. Ngozi huziba ndani ya wiki mbili hivi. Utando ule huchukua miezi, na sehemu iliyoshonwa hairudishi kabisa nguvu yake yote ya zamani. Fundi wa majahazi hapachiki ubao mpya asubuhi akajaza chombo shehena jioni. Mtu akibeba kitu kizito, akikaza tumbo, msukumo wote hushuka kwenye nyuzi zile. Matokeo yake yanaweza kuwa henia miezi kadhaa baadaye, au damu kuanza upya, au, kwa nadra lakini kwa hatari kubwa, ule mshono wa juu ya uke kufumuka.

Hapo ndipo linapokuja suala la ndoo.

Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Kiasi kinachoshauriwa kwa wiki sita za mwanzo ni kisichozidi kilo nne au tano. Dumu la lita tano tayari liko mpakani. Jibondo, kisiwa cha matumbawe, kwa miaka mingi ilitegemea maji yaliyovushwa kwa mashua kutoka kisiwa kikuu, na mashua ilipofika waliobeba walikuwa wanawake na watoto. Hata vijiji vya Baleni au Kirongwe, ambako visima vipo, kamba ya kisima huvutwa kwa misuli ile ile iliyokatwa. Mpunga hutwangwa kwa misuli hiyo. Gunia la mwani mbichi huburutwa kwa misuli hiyo. Ukikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, umeinama, tumbo limejikunja juu ya mshono, ni misuli hiyo.

Nimelifikiria sana hili: daktari akimwambia mwanamke "usifanye kazi nzito," mwanamke huyo hujibu kwa dhati kabisa, "Sifanyi kazi nzito mimi, nipo nyumbani tu." Hadanganyi. Kwa sikio lake, kazi nzito ni ya kubeba zege, ya kusukuma jahazi. Kuteka maji si kazi, ni asubuhi. Kufua si kazi. Kumtia mtoto mgongoni si kazi. Kwa hiyo wanaagana wote wawili wakiamini wameelewana, na keshokutwa ndoo iko kichwani. Nesi anayemruhusu mgonjwa angefanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi kama angeuliza kwa majina: Maji atateka nani? Kuni je? Mtoto mdogo nyumbani ana umri gani, na nani atambeba? Na maswali hayo ayaulize mume akiwa amesimama pale pale.

Safari ya kurudi nyumbani nayo ni sehemu ya matibabu, na huku visiwani ni sehemu ngumu. Aliyepasuliwa Kilindoni, katika hospitali ya wilaya, akiwa ni wa Utende ana bahati ya lami. Wa Kanga au Bweni, kaskazini kabisa, ana barabara ya vumbi na mashimo. Aliyepelekwa bara, Tumbi pale Kibaha au Muhimbili jijini Dar es Salaam, atarudi kwa barabara ya Kilwa, ataiacha lami kuu pale Bungu, atashuka hadi Nyamisati kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, kisha atavuka kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti. Kama ni msimu wa kusi, mawimbi hayaulizi nani ana mshono. Na kama kwao ni Jibondo au Juani, bado kuna mashua, na kutoka kwenye mashua hadi nchi kavu huenda akaingia maji ya magoti.

Ningekuwa na ndugu katika hali hiyo ningemsihi asiharakishe kuvuka. Kama pana mtu wa kumpokea Mbagala au Temeke, akae huko wiki mbili. Akisafiri, akunje kanga nene aishikize juu ya tumbo, na kila tuta au wimbi aikandamize taratibu. Hata akikohoa afanye hivyo. Asikae kitako saa nyingi bila kunyanyuka, kwa sababu baada ya upasuaji damu hupenda kuganda kwenye mishipa ya miguu. Bodaboda hapana. Na tarehe ya kuonwa tena na daktari ipangwe Kilindoni kama inawezekana, maana bahari ikifungwa haifunguki kwa ajili ya kadi ya kliniki. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika kwenye maji haya haya, hapakuwa na pa kupita.

Kuna jambo moja ambalo wazee wetu na madaktari wa zamani walikubaliana, na wote walikosea kidogo: kwamba mgonjwa wa kisu alale. Katika hospitali za Ulaya na Marekani za karne ya kumi na tisa, mwanamke aliyepasuliwa tumbo alilazwa chali wiki mbili au tatu. Mwaka 1899 daktari mmoja wa Chicago, Emil Ries, aliandika kwamba yeye huwanyanyua wagonjwa wake wa upasuaji wa kizazi mapema na huwaacha wale mapema, nao hupona vizuri zaidi. Ilichukua zaidi ya miaka 40 na Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi wenzake wakubali. Leo nesi humwamsha mgonjwa kesho yake asubuhi, na mgonjwa humwona katili. Si katili. Kutembea hadi chooni, kisha hadi mlangoni, kisha kuzunguka nyumba, ndiko kunakofukuza mgando wa damu, kunakofungua matumbo, kunakozuia nimonia. Kupumzika ni kutobeba na kutojikaza; kutembea kuruhusiwe, tena kuongezwe kidogo kila siku. Sala aiswali amekaa hadi rukuu na sijida zisimuume. Ruhusa hiyo mgonjwa anayo.

Basi tuna neno la kumpa mwanamke huyu, na tunalo tangu zamani. Ni arobaini.

Mzazi wa pwani hukaa ndani siku 40. Katika siku hizo hateki maji, hapiki, hafui. Mama yake au shangazi yake huhamia; uji wa pilipili manga huwa jikoni kabla hajaamka; wageni huja na ndoo ya maji, na kuku, na sabuni. Hakuna anayemwita mvivu. Mume hajiulizi kwa nini chakula kimepikwa na shemeji. Kijiji kizima kinajua kuhesabu hadi arobaini, na kinamhesabia. Wiki sita za daktari ni siku 42. Tofauti ni siku mbili! Madaktari hawakuiga kwa makungwi, wala makungwi hawakusoma vitabu vya Uingereza. Mwili wa mwanamke uliofunguliwa umewaambia wote jambo moja.

Lakini aliyetolewa kizazi hana mtoto wa kumwonyesha mgeni. Hakuna jina la kumpa mtu, hakuna aqiqa. Hakuna anayepiga hodi na kuku. Arobaini yake haina sherehe, kwa hiyo inaonekana haipo. Na mwenye hali ngumu kuliko wote ni yule wa usiku ule wa dharura ambaye mtoto naye hakupona. Ana kidonda cha uzazi na cha kisu kwa pamoja, maziwa yanajaa, na nyumba iko kimya. Wiki ya tatu tayari anasikia, "Si ameshapona? Mbona bado amekaa?" Huyu anahitaji arobaini mara mbili, na anahitaji mtu wa kukaa naye asiseme kitu.

Tukimpa arobaini, tuchague ya kuchukua na ya kuacha. Tuchukue maji, kupikiwa, kufuliwa, kutembelewa. Tuache kukandwa tumbo kwa maji ya moto, maana mshono unaweza kuungua. Mkaja wa kubana sana nao tuuache, hadi daktari aseme. Kibwebwe vilevile: mahali tunapokifunga ndipo kisu kilipopita. Na mwanamke tunayemhimiza ajifunge kibwebwe, awe jasiri, wiki hizi ujasiri wake ni kukifungua.

Chakula nacho kina hesabu yake. Aliyepoteza damu kwa miaka kwa sababu ya uvimbe hakupona damu siku uvimbe ulipotoka. Akiba ya chuma mwilini hujazwa kwa miezi, na vidonge vya kuongeza damu kwa kawaida huendelezwa hadi miezi mitatu. Uchovu wa wiki ya tano mara nyingi ndio huo, wala si uvivu. Pweza mwenyewe ana chuma kingi. Basi katika ule mgao ambao shoga zake watamletea, usiuzwe wote. Nusu iingie chunguni mwake, na matembele, na kunde. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Papai na maji ya kutosha vitamsaidia asijikaze chooni, kwa sababu kujikaza chooni nako ni kubeba.

Zipo dalili zisizosubiri bamvua wala kivuko. Damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja. Homa, usaha, au majimaji yenye harufu mbaya. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata. Mkojo unaovuja wenyewe: hili wengine hulificha kwa aibu, kumbe huenda kibofu kiliguswa, na linatibika; hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo kwa miaka mingi. Damu kidogo au majimaji ya rangi ya kahawia kwa wiki chache ni kawaida. Na kila aliyepasuliwa aulize swali moja kabla hajaondoka wodini: vifuko vyangu vya mayai vimebaki? Vikiwa vimetolewa vyote, ukomo wa hedhi humwangukia kwa siku moja, joto la ghafla na jasho la usiku, naye akidhani ni malaria atameza dawa bure.

Kuhusu unyumba nitasema wazi, kwa kuwa wengi huachiwa kukisia. Ni wiki sita kwa uchache, na si kabla daktari hajatazama. Hilo ni la mshono wa ndani, halina mjadala. Lakini maneno ya vibarazani, kwamba mwanamke aliyetolewa kizazi amebaki pango, hana tena hamu wala utamu, yamevunja nyumba nyingi bila sababu. Utafiti uliofanyika jimboni Maryland, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wanawake wapatao 1,100 kwa miaka miwili baada ya upasuaji: waliokuwa wakipata maumivu katika tendo walipungua sana, na hamu kwa wengi ilibaki au iliongezeka. Haishangazi. Mtu aliyekuwa akivuja damu nusu ya mwezi sasa ana mwezi mzima. Mume anayelijua hilo mapema husubiri kwa moyo mkunjufu. Asiyelijua husikiliza vibaraza.

Na mume ana kazi nyingine. Miongoni mwa walioandika kwa kina kuhusu kisiwa hiki ni Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika kijijini Kanga mwaka 1965 na kurudi tena na tena kwa miongo iliyofuata. Aliandika, pamoja na mengine, jinsi wanawake wa Mafia walivyomiliki minazi na mashamba kwa haki yao wenyewe. Kwa hiyo anapolala mwanamke wa Mafia, anayelala ni mzalishaji. Pato limekatika, tena pato ambalo mara nyingi ndilo la daftari za shule na unga wa jioni. Mume anayemwambia "pumzika tu" bila kusema fedha ya pweza itafidiwa na nini amemwambia nusu ya maneno. Apunguze chai na maandazi ya hotelini, auze nazi mapema, aseme. Na ndoo aibebe. Mwanamume mwenye ndoo begani njiani kutoka kisimani huchekwa siku ya kwanza. Siku ya kumi hakuna anayemtazama.

Wapo wenye mwajiri. Hoteli za Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, zimeajiri wanawake wa kutandika vitanda, kufua na kupika; kuna walimu, wauguzi, makarani wa Kilindoni. Hawa sheria inawakumbuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Siku 63 ni wiki tisa. Zinatosha. Nchini Kenya kiwango cha chini cha sheria ya mwaka 2007 ni siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, ambazo kwa jumla ni wiki mbili, muda wa bamvua moja tu. Na kwa hoteli zinazofunga masika na kuajiri kwa msimu, sheria yetu haikumwacha nje mfanyakazi wa msimu.

Shida ni kwamba wengi hawaiombi. Mwanamke huona haya kumpelekea meneja kijana karatasi ya ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini, iliyoandikwa ugonjwa wake. Anachukua wiki mbili kama likizo ya kawaida, anarudi, na siku ya kwanza anageuza magodoro kumi na mawili. Karatasi ya ED haihitaji kutangaza siri za mwili; inatosha kuonyesha kwamba amefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo na siku anazohitaji. Na kurudi kuwe kwa ngazi: wiki ya sita au ya nane aanze na mapokezi, kukunja mashuka, kuandika, nusu siku kama inawezekana, na magodoro yasubiri hadi mwezi wa tatu. Anayekaa mezani anaweza kurudi mapema zaidi kuliko anayeinua. Aliyefanyiwa kwa matundu madogo, bila kufunguliwa tumbo, hupona mapema pia, lakini ule mshono wa ndani anao vilevile.

Mwanamke wa mwambani hana meneja wa kumpelekea karatasi. Anacho kikoba. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii, kile kiasi kidogo kinachotolewa kila kikao kwa ajili ya msiba na uzazi. Ningewaomba akina mama wa vikundi hivyo, katika kikao kijacho, waongeze mstari mmoja kwenye katiba yao: aliyepasuliwa tumbo. Alipwe kama anavyolipwa mzazi, na marejesho yake ya mkopo yasimame kwa bamvua tatu. Wanachama 25 wakiteka ndoo moja kwa siku kwa zamu, siku 42 haziwalemei. Hakuna atakayezidi ndoo mbili.

Hawatakuwa wanajifunza jambo geni. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kuufunga mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mtindo huo ukaenea, ukafika Kisiwa Panza huko Pemba na hadi maji ya Mafia. Mwamba ukifungwa, hakuna anayesema mwamba umekuwa mvivu. Watu hupita wakautazama, wakavumilia njaa kidogo, wakaambizana nani wa kuulinda. Siku ya kuufungua hushuka kijiji kizima.

Bamvua ya nne, basi, na atoke. Daktari ameshamwona, mshono wa ndani umetazamwa. Atashuka pamoja na wenzake lakini polepole, kwenye mwamba wa karibu, asiruke mashimo. Mkononi awe na kijiti chake tu. Akimpata pweza amtoe, kisha aite. Binti wa wifi yake aje na tenga, na tenga hilo libebwe na binti hadi nyumbani.